Mbwa Mwenye Adabu: Namna ya Kumfundisha na Kumpima Kabla ya Siku ya Chanjo



Ukipita Jinja upande wa Nalufenya, au Mbale kule Senior Quarters, utaona mageti yameandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. (Mwalimu wa Kiswahili angesahihisha kuwa "mbwa mkali", lakini ujumbe unafika.) Wengi wenu mna ndugu katika miji hiyo. Mnakwenda huko kwa biashara, kwa matibabu au kumwona shangazi, kisha mnarudi na wazo kwamba mbwa mzuri ni yule anayeogopwa na mtaa mzima.

Makala hii inasema tofauti. Mbwa mzuri wa nyumbani ni yule ambaye ukimwita anakuja, ukimshika shingo anatulia, ukimfunga kamba anatembea bila vita. Sisi wa idara ya afya tunalisema hili kwa sababu moja. Mbwa asiyeshikika hachanjwi, na mbwa asiyechanjwa anaweza kuingiza kichaa cha mbwa nyumbani kwako.

Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia mwilini kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakifika kwenye kidonda, machoni au mdomoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na kwamba hadi 99 kati ya kila wagonjwa 100 waliupata kutoka kwa mbwa. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 katika kila 100 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na meno ya mbwa. Tena mtoto huogopa kusema nyumbani kwamba ameumwa, hasa kama alikuwa anamchokoza mbwa wa jirani.

Kwa kawaida dalili kwa binadamu huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Wakati mwingine ni mapema zaidi, wakati mwingine ni karibu mwaka. Dalili zikishaanza, kama vile kuogopa maji, kushindwa kumeza na kuchanganyikiwa, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana tunapigania siku za mwanzo, na zaidi ya hapo tunapigania mbwa mwenyewe achanjwe kabla hajamuuma mtu.

Kuwaua mbwa wote si dawa. Halmashauri za miji mbalimbali ya Uganda zimewahi kutega nyama yenye sumu usiku ili kupunguza mbwa wanaozurura, na baada ya muda mitaa ikajaa wengine. Anayekufa kwanza mara nyingi ni mbwa wa mtu, pengine aliyekwisha kuchanjwa, na nafasi yake inachukuliwa na mbwa asiyejulikana. Kinachofanya kazi ni chanjo, ikiwafikia angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kilionyesha hivyo. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa, ugonjwa ulikatika mwaka 2014. Uliporudi 2016 watu wakachanja tena, na kufikia 2018 ukawa umekatika mara ya pili. Wakazi wa Pemba wengi ni Waislamu na hawana mazoea ya kushikashika mbwa, lakini walifaulu.

Mahali kazi inapokwama

Chanjo yenyewe ni sindano ya sekunde chache. Mbwa akifikisha miezi mitatu huchanjwa, halafu hurudiwa kila mwaka. Ugumu ni kumfikisha mezani. Nenda mahali kama Masese, Jinja, ambako mashua za samaki hutia nanga Ziwa Viktoria, au Namatala, Mbale, ambako nyumba zimebanana. Mbwa ni wengi, na wengi wao wana wenyewe. Wanajua wanakolala na nani huwamwagia makombo ya posho. Lakini hawajawahi kufungwa kamba wala kushikwa mguu. Kwa kutwa nzima hakuna mkono wa binadamu unaowagusa isipokuwa wenye jiwe.

Sasa siku ya chanjo inatangazwa. Mbwa wa namna hiyo anakimbia. Au anaburutwa na mtoto wa miaka tisa kwa waya uliofungwa shingoni, anafika amepandwa na hofu, anakuta mbwa wengine thelathini, anauma. Mara nyingi anayeumwa ni yule mtoto aliyetumwa kumleta. Mchanjaji naye ana sindano nyingi za kuchoma kabla ya jua kuwa kali, maana chanjo lazima ikae kwenye baridi. Mbwa asiyeshikika anarudishwa nyumbani kama alivyokuja. Mkali kuliko wote mtaani, yule wa kuandikiwa bango getini, ndiye anayebaki bila kinga.

Namna ya kumfundisha

Huhitaji fedha wala mbwa wa kizungu. Mbwa wetu wa kienyeji wana akili. Muda unaotosha ni dakika tano asubuhi na tano jioni, kabla hajala. Mbwa aliyeshiba hafundishiki, sawa na mwanafunzi anayesinzia baada ya chakula cha mchana. Zawadi iwe ndogo kama ukucha: kipande cha mukene, ukoko wa posho, mfupa laini wa samaki. Mpe mara moja baada ya kufanya ulichotaka. Ukichelewa hadi utafute mfukoni, amekwisha kusahau unamlipa kwa lipi.

Kwanza kabisa, kubalianeni nyumbani juu ya maneno. Hili ni tatizo letu sisi wa kambini kuliko la watu wengine. Baba anasema "njoo", mama anasema "ngwino", kijana aliyesoma shule ya hapa anasema "jjangu", na babu aliyetoka mjini Bukavu anasema "viens". Mbwa hajui lugha, anajua sauti. Chagueni neno moja la kumwita, moja la kumkalisha, moja la kumkataza. Yawe ya lugha yoyote, mradi hayabadiliki.

Anza na "njoo". Simama hatua tatu tu kutoka kwake, taja jina lake, sema "njoo", chuchumaa, na akifika mpe kitu. Siku zinazofuata ongeza umbali. Hapa kuna kosa ambalo karibu kila nyumba hulifanya, nalo linastahili maelezo. Mbwa ameiba mayai ya jirani. Unamwita kwa hasira, "Njoo hapa!" Anakuja, kwa sababu ulimfundisha. Unampiga. Wewe unadhani umemfundisha asiibe mayai. Yeye amejifunza kwamba akiitwa akienda, anapigwa. Kesho ukimwita, hata kama lori linakuja, anasimama mbali anakutazama. Usimpige kamwe mbwa aliyekuja ulipomwita, hata kama ametoka kula kuku mzima. Mayai yahamishe, kuku wafungie.

Fimbo kwa jumla haisaidii. Mbwa anayepigwa hujifunza kuogopa mkono, na mkono ndio utakaomshika siku ya sindano. Mbwa anayeogopa mkono huuma kabla hajaguswa. Wazee wengine watasema mbwa asiyepigwa hawezi kulinda. Kulinda ni kubweka. Mwizi huondoka kwa kelele, kwa sababu watu wameamka. Meno hayahitajiki, na mara nyingi meno hayo humpata mgeni, mwanao, au mhudumu wa VHT aliyekuja kuuliza habari za chandarua.

Kamba nayo ina namna yake. Mkanda wa shingoni unaweza kuukata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Ni laini na haukati ngozi. Uache nafasi ya vidole viwili, na kama ni mtoto wa mbwa ukague kila wiki, kwa kuwa shingo inakua na mpira haukui. Waya ni marufuku, pia kamba nyembamba ya nailoni. Muache avae mkanda siku mbili bila kamba. Kisha funga kamba, muache aiburute huku unamwangalia. Kisha shika. Akivuta, simama kama mti. Akilegeza, endelea. Watu wengi huvutana naye, na mbwa ukimvuta naye huvuta. Baada ya wiki mbili hivi mbwa wengi huelewa kwamba kamba iliyolegea ndiyo inayokwenda.

Somo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote ni kuguswa. Kila siku, mbwa akiwa ametulia, pitisha mkono shingoni, masikioni, mgongoni, kwenye paja. Inua mguu mmoja mmoja. Finya kidogo ngozi ya shingo, hapo ndipo sindano huchomwa, na papo hapo mpe mukene. Mwombe pia mtu mwingine mzima afanye hivyo wewe ukiwepo. Ukifanya hivi mwezi mmoja, mchanjaji atakuwa mgeni mwingine tu anayefinya ngozi. Faida nyingine ni kwamba utaona kupe, viroboto na vidonda mapema.

Kukaa chini ni rahisi: inua kipande cha chakula juu ya pua yake kuelekea nyuma, matako yatashuka yenyewe, sema "kaa", mpe. Mbwa aliyekaa hawezi wakati huo huo kumrukia mtu. Usilidharau hili. Kambini tunaishi karibu karibu, na majirani wetu wengi ni Waislamu ambao mate ya mbwa yakiwagusa nguoni wanalazimika kujisafisha kabla ya swala. Dini yao inaruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo, ila wanaomba asiwaguse na asiingie ndani. Ombi hilo ni halali. Mbwa anayekaa chini mgeni anapopita amekwisha kulitimiza.

Mwisho, chakula. Mbwa anapokula, watoto wakae mbali. Sheria hiyo ni ya watoto kwanza: wasimguse mbwa anayekula, anayelala, aliyefungwa, au mwenye vitoto. Mbwa asiyemjua akimjia, mtoto asikimbie. Asimame wima kama mti, mikono ubavuni, asimtazame machoni. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio kwa mikono. Wafundishe kama mchezo, "mti" na "jiwe", watashika upesi.

Mtihani

Utajuaje kwamba amefuzu? Katika nchi nyingine kuna mitihani kamili ya tabia njema ya mbwa. Chama cha wafuga mbwa cha Marekani kilianzisha mtihani wa sehemu 10 mwaka 1989, na cha Uingereza kikaanza mpango wake 1992. Katika ule wa Marekani mbwa hupimwa kama anamkubali mgeni, kama anakubali kupapaswa na kukaguliwa, kama anatembea kwa kamba iliyolegea na kupita katikati ya watu, kama anakaa na kulala akiagizwa, anakuja akiitwa, anavumilia mbwa mwenzake na kelele za ghafla, na anaweza kuachwa na mtu mwingine kwa dakika tatu bila fujo. Mambo mawili ya mtihani ule yanatufaa sana. Kwanza, mwenye mbwa huanza kwa kutia sahihi ahadi kwamba atamtunza mbwa kiafya na hatamwacha asumbue watu. Yaani anayepimwa kwanza ni binadamu. Pili, wakati wa kupimwa hakuna kumpa chakula, na mbwa akiuma au akijaribu kumshambulia mtu, mtihani umekwisha.

Sisi tunaweza kupima wenyewe. Anayepima asiwe wa nyumba hiyo. Mwenyekiti wa block anafaa, au mwalimu, mtu mzima asiyeogopa mbwa wala kuwachukia. Mbwa awe kwenye kamba muda wote. Mpimaji aje, amsalimie mwenye mbwa kwa mkono, waongee kidogo, mbwa akiwa amekaa. Ashike shingo na mguu. Kisha mwenye mbwa atembee naye hadi karibu na bomba la maji saa ya foleni, apite pembeni mwa jerikani, kuku na kelele, na kurudi. Mtu aangushe sufuria nyuma yake: kushtuka kunaruhusiwa, kushambulia hakuruhusiwi. Boda boda ipite. Mtu mzima apite na sahani ya chakula, umbali ambao kamba haifiki. Halafu mwenye mbwa aondoke asionekane, mpimaji abaki na kamba. Hili la mwisho huwaangusha wengi, na siku ya chanjo ndilo linalohitajika, maana mara nyingine mwenye mbwa hupelekwa kuandikisha jina na mbwa anabaki kwa msaidizi. Mtoto asitumike kumpima mbwa hata mara moja.

Aliyeshindwa si mbwa mbaya. Mpe wiki tatu zaidi. Lakini kama alijaribu kuuma, asiachwe huru tena, na umwambie mchanjaji mapema ili aje na msaidizi na kamba ya kufungia mdomo.

Mbwa wa watu waliohama

Sisi tulio wakimbizi tuna jambo la ziada. Mwanzoni mwa 2008 maelfu ya Wakenya walivuka mpaka Busia na Malaba kukimbia ghasia za baada ya uchaguzi, wakapokelewa kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kusini mwa Mbale, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu Mbale, na familia nyingi zikaacha nyumba zao. Kila watu wanapohama namna hiyo, mbwa hubaki nyuma au hufuata safari. Anayebaki hana wa kumpeleka kwenye chanjo. Anayefuata anafika mahali asipojulikana, kadi imepotea, naye anakutana na mbwa wengine ambao hakuna anayejua habari zao. Kwa hiyo ukihamia kambini au kwa ndugu Jinja ukiwa na mbwa, mhesabu kuwa hajachanjwa mpaka uonyeshe kadi, na mfunge kamba mpaka apate sindano.

Wapo wanaouliza kama mtu aliyepoteza kila kitu ana haja ya mbwa. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, shirika la The BIG FIX linaendesha mradi wa mbwa wa faraja kwa watu walioumizwa na vita vya LRA. Mwanzilishi wake, Francis Okello Oloya, alipofuka akiwa mtoto baada ya bomu lililofukiwa ardhini kumlipukia shambani. Katika mradi huo mtu mwenye majonzi hupewa mbwa aliyeokotwa mtaani, na wote wawili hupitia mafunzo ya miezi kadhaa kabla ya kuhitimu pamoja. Mbwa huchanjwa, mtu hujifunza kumtunza na kumwelekeza. Wanaoujua mradi huu husema kwamba kufundisha ndiko kunakomtoa mtu ndani ya nyumba. Tunaamini hivyo, kwa kuwa mbwa lazima atembezwe hata siku ambayo wewe hutaki kuona watu.

Akiuma

Mafunzo hupunguza ajali, hayazimalizi. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osha kidonda papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Inamisha jerikani, mtu mwingine asugue taratibu. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Usipake pilipili, mafuta, majivu, dawa ya mitishamba wala asidi ya betri, na lile jiwe jeusi liache. Halinyonyi kirusi. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo mdogo na hata kama mbwa ana kadi. Zamani sindano zilikuwa nyingi na zilichomwa tumboni, na hofu hiyo imebaki kwa watu. Siku hizi huchomwa mkononi, kwa siku zilizopangwa, na kidonda kikubwa huongezewa dawa nyingine kwenye jeraha lenyewe. Maliza zote.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, apewe maji na chakula bila kuguswa, aangaliwe siku 10, na afisa mifugo aambiwe. Akiwa mzima siku zote hizo, hakuwa na kirusi kwenye mate siku alipouma. Akibadilika, kama vile mkali kuwa mpole ghafla au mpole kuwa mkali, akadondosha mate, taya likalegea, sauti ikageuka, akauma mawe na vijiti, usimkaribie. Mwite afisa mifugo au mwenyekiti wa RWC. Aliyeumwa asisubiri siku hizo 10 ndipo aende kituoni. Anakwenda leo, na daktari ndiye atakayeamua kama sindano zinaweza kusimamishwa.

Siku ya chanjo ikitangazwa kambini, mbwa aletwe asubuhi na mtu mzima anayemlisha, kwa kamba, akiwa amevaa mkanda. Njoo na kadi ya mwaka jana kama unayo, na mukene kidogo mfukoni.